Gurudumu la Mbele

Kile chuma kinachoning'inia juu ya friji zangu si pambo, na wala si hirizi kama wanavyonong'ona wateja wanaotoka Gatumba. Ni kitovu cha gurudumu la mbele la baiskeli, kina visahani viwili vya bati, kimoja kila upande, na katikati yake palizungushwa mshipi wa kuvulia. Wiki iliyopita fundi wa friji alikigonga kwa bega. Kikaanza kuzunguka chenyewe, sssss, muda mrefu, kama vile aliyekitengeneza alikitia mafuta jana. Mimi nilikuwa na kisu mkononi, napasua sangala. Nikaweka kisu chini. Pua yangu ikajaa tope, baruti na tumbo la samaki lililopasuka, pale pale depo, mchana kweupe, redio inaimba na watu wamenipangia foleni.

"Mama, uko mugonjwa?" fundi akaniuliza.

"Tengeneza friji," nikamwambia.

Shule niliiachia darasa la tatu. Depo hii, gari lile la barafu na nyumba ya ghorofa pale nyuma sikupewa na mume wala na serikali. Nasema hivyo ili ujue anayekuandikia ni mtu wa namna gani. Sijui kupamba. Wa rika langu, mliokuwa watoto Bujumbura wakati wa vita, mtanielewa bila kupambiwa. Wengine wasome polepole.

Tulikaa Buyenzi, karibu na mto Ntahangwa, nyumba za matofali ya udongo, mlango kwa mlango. Milio ya risasi tuliijua kama watoto wa leo wanavyojua milio ya simu: hii ya mlimani, hii ya ng'ambo ya mto, hii iko mtaa wa pili, ingia chini ya kitanda. Kulikuwa na siku ambazo vijana wa mitaa mingine waliufunga mji, wakasimama njiani na marungu na visu, na aliyetoka kutafuta unga hakurudi. Niliona mtu akipigwa mawe mbele ya kinyozi mpaka kichwa chake kikapoteza umbo. Nilikuwa nimetumwa chumvi. Nikanunua chumvi, nikarudi nayo nyumbani. Utoto wetu ulikuwa hivyo: watu walikufa na chumvi ilinunuliwa.

Baba alikuwa amevuka mpaka kwenda Uvira, akasema atatuma habari. Hakutuma. Mama alikaanga mikate asubuhi, siku ambazo unga ulipatikana. Ukuta mmoja tulishirikiana na Mzee Idi, fundi wa baiskeli, mtu mwenye mdomo mchafu kuliko kitambaa chake cha grisi. Watoto tulimwogopa. Mwanawe wa pekee, Haruna, hatukumwogopa hata kidogo. Haruna alifanya kazi gareji. Alivaa salopeti, ile ovaroli ya mafundi, ya buluu, iliyopoteza kifungo cha kifuani, na baba yake akamtengenezea kifungo kingine cha waya wa shaba, amekisokota kama konokono. Akinipakia mbele yake kwenye bomba la baiskeli, aliniacha nikizungushe kifungo kile kwa kidole njia nzima.

Siku moja Haruna hakurudi. Niliambiwa amesafiri. Nikaamini, maana baba naye alisafiri. Yaliyotokea nilisimuliwa na mama nilipokuwa mkubwa: gari alilopanda lilisimamishwa kwenye daraja la juu, watu wakashushwa, wakaangaliwa pua na urefu, karatasi hakuna aliyezitazama. Haruna alikatwa shingoni, akatupwa mtoni, na mto ulikuwa umejaa. Kabila lake sitaliandika. Mnajua nani aliuawa kwenye daraja lile, na nani aliuawa kwenye daraja lingine.

Mikeka ilitandikwa kwa Mzee Idi, majirani wakaja wakakaa; mimi niliambiwa wanamwombea msafiri. Sheikh akamwambia wamsalie kijana sala ya maiti asiyekuwepo, mikeka ikunjwe, kila mtu arudi kuogopea nyumbani kwake. Mzee akakataa.

"Mwanangu apana mbali," alisema. "Iko hapa chini, mu maji. Nikishamuzika, njo mutanipa pole."

Mikeka ikabaki imetandikwa. Watu wazima wote walijua mzee anachokitafuta. Mimi peke yangu nilidhani ameamua kuwa mvuvi.

Alianza na mwanzi na mshipi mtupu, akarudi anatukana. Mshipi ukishikwa kwa mkono unalivuta boya, boya linakwenda kando, linakudanganya kuhusu njia ya maji na mahali yanapopeleka vitu. Basi akaifungua baiskeli ya Haruna. Nilichuchumaa mlangoni kwake nikimwangalia akitoa kitovu cha gurudumu la mbele, akiosha gololi moja moja kwa petroli na kuzirudisha na grisi mpya. Visahani alivikata kwenye mfuniko wa sufuria. Kitovu akakifunga kwenye mwanzi kwa vipande vya mpira wa tairi. Akakipuliza kwa mdomo tu, kikazunguka.

"Juu ya nini si gurudumu la nyuma?" nikauliza.

"La nyuma linasukuma. La mbele linafuata." Ndipo akaniona. "We mutoto, unajua kunyamaza?"

"Najua."

"Uongo. Mama yako hajui, we umejifunza wapi?"

Siku hiyo hiyo akaja kwetu kuniomba. Walizungumza na mama pembeni, mbali na masikio yangu. Mzee peke yake akitembea kando ya mto, macho kwenye maji, atauawa. Watajua anatafuta mtu. Mzee mwenye mwanzi na katoto kenye njaa ni mvuvi. Nilikuwa kibali chake. Mimi nilisikia mwisho tu.

"Na akifa?" mama akapaza sauti.

"Akikaa hapa hafi?"

Mama akatazama juu, kwenye tundu la risasi katika bati, ambapo jua lilikuwa linapenya na kutua katikati ya mkeka niliolalia. Akaniambia nivae kandambili zangu. Zilikuwa nyekundu, na nilijivuna nazo. Tulipofika njiani mzee akanivua moja, akakata kisigino kwa kisu, akakitoboa. Tukapata boya.

"Usilie," alisema. "Nyingine si iko?"

Kwenye daraja la chini palikuwa na bariyeri, kizuizi cha njiani. Askari mmoja mrefu, anatafuna muwa, akatuita kwa kidole.

"Wapi?"

"Kuvua, shefu."

"Samaki ya huu muto? Si inashiba watu!" Wenzake wakacheka.

"Njaa haichagui, shefu."

Akampiga mzee kitako cha bunduki mbavuni, bila hasira, kama mtu anavyopiga ngoma akiwa anapita tu. "Pita. Ukipata kubwa, njo uniletee."

Kuvua kwa gurudumu lile ni hivi. Unaliweka boya juu ya maji karibu na miguu yako, unaliacha. Maji yanalichukua, gurudumu linazunguka, na kidole gumba kinakaa ukingoni mwa kisahani kama unavyomgusa mtoto shavu ujue kama ana homa. Ukikaza, boya linageuza kichwa na kuiacha njia yake. Ukilegeza sana, mshipi unajikunja juu ya maji. Ukipata katikati, boya linakwenda kama halina mwenyewe, linapita mawe, linapita povu, linasita pale maji yanaposita. Nilijifunza haraka kuliko mzee. Vidole vyake vilikuwa vigumu, na macho yake yalikuwa kwenye kitu kingine.

"Apana kuvuta!" alinifokea. "We ni nani wa kufundisha maji njia? Acha liende!"

Samaki akishika, mzee alikasirika kama mtu aliyegongewa mlango katikati ya sala. "Toa hiyo kitu," alisema, nami nikamtoa ngege, nikamtia kwenye kikapu. Hakuchukua hata mmoja. Wote walikuwa wangu. Nikajisemea, huyu ni mvuvi mbovu, Mungu amenipa bahati.

Maiti zilipita. Sitakwambia ngapi, sikuzihesabu, na wakati ule sikujua kuhesabu mbali. Ya kwanza niliiona kama gunia la mihogo lenye nywele. Mzee aliingia maji mpaka magotini, akaigeuza kwa ufito, akatazama uso, pale uso ulipokuwepo, akatazama kifua, akasema "Apana," akaisindikiza katikati ya mto huku midomo yake inasoma dua. Alifanya hivyo kwa kila moja, wanaume, wanawake, mmoja alikuwa amefungwa mikono nyuma kwa waya wa redio. Mimi nilidhani anazisukuma kwa sababu zinatisha samaki. Siku moja nikamsaidia mawazo.

"Mzee, ile imekwama kwa jiwe. Itatuharibia."

Akanipiga kofi nikaanguka topeni. Kisha akaniinua, akanifuta uso kwa kitambaa cha grisi. Nilimchukia mpaka jioni. Ushauri wangu ulikuwa mzuri.

Ngege wa kwanza mama alimtupa mtaroni. Mtaa wote ulikuwa umeacha kula samaki wa mto. Wa pili alimtazama muda mrefu, akageuza uso, akawasha moto. Tulikula. Anayetaka kunihukumu aje kwanza na tumbo la siku zile.

Ukishapita daraja kuteremka, kabla mto haujafika kwenye matete ya ziwa, mkuyu mkubwa ulikuwa umeangukia majini pamoja na mizizi yake. Nyuma ya shina palikuwa na shimo la maji meusi yanayozunguka. Boya letu, tulianzie popote, liliishia pale. Lilizunguka, likazunguka, likakataa kutoka. Mzee akaanza kwenda pale kila siku. Alipima kina kwa chubwi. Alichokora kwa ufito wenye kulabu. Siku moja ndoana ikanasa chini, kwenye kitu kizito kisichokuwa jiwe, maana kilikubali kidogo halafu kikarudi. Mzee akalegeza kidole, akaachia mshipi, akakaza tena taratibu. Ndoana ilipotoka ilikuwa na uzi wa buluu. Akauzungusha kwenye kidole chake, akakaa chini kwenye mawe, mabega yanatikisika.

Nikaelewa kila kitu, nilidhani. Chini ya mkuyu kuna kambale mkubwa kuliko mtu, amemeza nguo za watu, na mzee anamwogopa.

Hakuweza kumtoa. Hakujua kuogelea. Mizizi ilikuwa imefumana kama kikapu, na pale maji yalimpita kimo. Wanaume wa Buyenzi wangekuja, lakini wanaume wakionekana kwa kundi kando ya mto walipigwa risasi kabla ya kuulizwa. Mvua ilikuwa inakusanyika milimani. Mafuriko mengine yangeuondoa mkuyu ule na kila kilichomo, ukaenda ziwani, na ziwani hakuna anayetafuta. Hayo mzee aliyajua. Mimi nilijua kambale tu.

Asubuhi iliyofuata askari watatu wakateremka kwenye mawe, yule wa muwa akiwa mbele, wana guruneti. Siku hizo askari hawakuletewa chakula cha kutosha, wakavua walivyojua. Wakatupa ya kwanza juu kidogo, kwenye maji mepesi. Mto ukaruka, masikio yangu yakaziba, na vilivyoelea vilikuwa vidagaa visivyojaza kofia.

"Takataka!" yule wa muwa akatukana. "Guruneti nzima!"

Nikasimama. Nilikuwa nimechoka kumwona mzee anamwogopa samaki.

"Shefu!" nikaita. "Kubwa iko hapa! Chini ya muti!"

Mzee akanishika mdomo kwa kiganja, mkono wake unanuka grisi. Tukabaki hivyo. Alitazama shimo. Akatazama ile guruneti ya pili mkononi mwa askari. Akatazama mawingu milimani. Nilisikia moyo wake mgongoni kwangu, unapiga kama mtu anayekimbia. Halafu mkono ukaniachia mdomo.

"Mutoto anasema kweli," alisema. Sauti haikuwa yake. "Lakini si juu ya shina, shefu. Kando. Kule kwa mizizi, upande wa ng'ambo. Ukitupa katikati, yote itapasuka."

"We mzee unanifundisha?"

"Apana, shefu. Mi najua maji ya hapa."

Alimwonyesha kwa ufito. Akamwonyesha tena, karibu zaidi, kama fundi anayeonyesha mahali pa kugonga ili chuma kifunguke kisivunjike. Kisha akanilaza chini, akanifunika kwa mwili wake.

Maji yalisimama kama nyumba. Tope lilitunyeshea, na vipande vya mti, na harufu ile niliyokwisha kuwaambia. Nilipoinua kichwa, shimo lilikuwa linachemka. Ngege walikuwa wamegeuka matumbo juu, weupe, na kambale wenye masharubu wanatapatapa. Mkuyu ukalia, ukajigeuza polepole kama mtu anayebadilisha ubavu kitandani. Na kutoka chini yake kikapanda kitu kikubwa, cha buluu.

Nikapiga makofi. "Huyo!" nikapiga kelele. "Huyo, mzee! Huyo!"

Kikageuka. Mguu mmoja haukuwepo. Uso haukuwepo. Kifuani palikuwa na kifungo cha waya wa shaba, kimesokotwa kama konokono, na jua likakigusa.

Mikono yangu ilibaki hewani.

Mzee alikuwa tayari majini mpaka kifuani. Alimkumbatia, akamvuta mpaka maji mafupi, akapiga magoti pale, mdomo wake kwenye ile nguo. Askari wa kwanza kuelewa ni yule wa muwa.

"Kumbe! Umetutumia sisi kuvua maiti yako?" Akaingia maji, akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Niliona jino linaruka. Akampiga tena. Mzee hakuachia. "Weka chini! Maiti inabaki mu maji! Unataka kuipeleka mu mutaa, watu waone, waanze fujo?"

Mzee akatema damu. "Piga," alisema. "Mi niko na kazi."

Yule askari akavuta chuma cha bunduki, krak. Na mimi, ambaye sikujua kitu chochote duniani, nilijua kitu kimoja: samaki walikuwa wanakwenda. Maji yalikuwa yamekwisha kuwatoa kwenye shimo, wanateremka kwenye matete, weupe, wengi, chakula cha wiki.

"Shefu!" nikapiga kelele. "Samaki yenu inaenda na maji! Inaenda yote! Kimbieni!"

Akageuka kutazama. Wenzake walikuwa wamekwisha kuruka mtoni, wamevua makoti, wanazoa. "Shefu, kuya! Inapotea!" mmoja akamwita. Akamtazama mzee, akawatazama samaki. Tumbo lake ndilo lililoamua. Akaiteremsha bunduki.

"Mukitoka hapa," alisema, "sikuwaona."

Nikawakimbilia na kikapu changu. Niliwaokotea askari wale samaki mpaka mgongo ukauma, ili wasigeuke nyuma. Wengine wananiuliza biashara nilijifunzia wapi. Ni pale.

Tulimzungushia koti la mzee, tukamfunika kwa mafungu ya matete, tukamfunga kwenye toroli tuliloazima kwa mtu aliyekuwa anavuna matete ya kuezekea. Kwenye bariyeri askari mwingine alinusa, akageuza uso, akatupungia mkono tupite haraka. Mzee alisukuma, damu inamtoka kwenye kidevu. Mimi nilishika fungu la mbele lisianguke, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna.

Buyenzi walikuwa wanatungoja; habari ilikuwa imetutangulia. Sheikh alikuwa ameandaa birika na maji ya kuoshea maiti. Mzee akalitazama birika lile, akalipiga teke.

"Maji apana," alisema. Meno yaliyobaki yalimfanya atamke kama mtoto. "Maji imemushika ya kutosha."

Sheikh hakubisha. Maiti ya namna ile haishikiki kwa maji. Akapiga viganja vyake kwenye udongo mkavu wa ua wetu, akampaka Haruna udongo, kama dini inavyoruhusu. Wanaume wachache wakambeba mbio, risasi zikilia juu, mtaa wa Mutanga, wakamzika kabla ya alasiri. Sisi wanawake tulibaki kwenye mikeka. Mama alinishika kichwa akakibana tumboni kwake mpaka nikashindwa kupumua. Nilimwambia yote, hata kwamba mimi ndiye niliyesema watupe pale. Akaniambia, "Na baba yake njo alisema watupe kando."

Sijawahi kujuta. Mto ungemchukua.

Arobaini haikungojwa, hakuna aliyekuwa na uhakika wa kuifikia. Baada ya hitima mikeka ikakunjwa, na mzee akaja mlangoni kwetu, mdomo umevimba kama mkate. Alikuwa na ule mwanzi. Alikuwa amekata mshipi wa zamani wote, akatia mpya, na gololi amezitia grisi.

"Shika."

"Tunaenda?"

"Mi siendi. Mi sijakuwa mvuvi ata siku moja." Akakipuliza kitovu, kikazunguka, sssss, akakisikiliza mpaka kikasimama. "We, sasa kavue samaki."

Mtoni sikurudi. Niliteremka mpaka ziwani, pale maji ya mto yanapoingia na kubadilika rangi. Nikaliweka boya jekundu mbele ya miguu yangu, nikaachia kidole gumba. Likaenda. Likapita povu, likapita matete, likafika mahali likasita. Mkono wangu ulikuwa umefundishwa kungoja, ukangoja.

Boya likazama. Nikavuta.